Imani Haipimwi kwa Kipaza Sauti

Mwandishi mmoja amedai kwamba Mkristo wa Galbet, mjini Garissa, anayelipa deni lake dukani kwa wakati na kumjulia hali jirani yake Mwislamu, lakini hahubiri barabarani, amejificha. Utii wa mambo madogo, asema, ni woga uliovikwa joho.

Woga? Waumini wa Garissa walirudi kusali baada ya makanisa mawili kushambuliwa Jumapili ya Julai 1, 2012. Wakarudi tena baada ya Aprili 2, 2015, watu 148 walipouawa Chuo Kikuu cha Garissa. Hao hawahitaji somo la ujasiri.

Na je, amemsahau Annalena Tonelli wa Wajir? Mkatoliki huyo kutoka Italia alikuja Kenya mwaka 1969. Wafugaji wenye kifua kikuu walikuwa wakihama na mifugo, dawa wakaziacha njiani. Akawawekea manyata, wakae miezi kadhaa wakimeza vidonge mbele ya msimamizi, siku baada ya siku, hadi wapone. Kazi ya kuchosha, isiyovutia hata mpiga picha! Baadaye Shirika la Afya Duniani lilieneza utaratibu wa namna hiyo duniani kote. Vikosi vya usalama vya serikali vilipoua watu Wagalla, karibu na Wajir, Februari 1984, mama huyohuyo wa vidonge ndiye aliyetoka kuokoa majeruhi na kukusanya maiti, kisha akasaidia habari zivuke mipaka. Serikali ikamfukuza nchini.

Kama huko ni kujificha, mwandishi atuambie kujitokeza ni kupi. La sivyo, awaombe radhi Wakristo wa Galbet.