Tusimfanye mtoto wa darasa la nne kuwa mtuhumiwa

Kila mwaka ukaribiapo mwezi Oktoba, wakati wakulima wa Kasekese, katika Wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi, wanapotayarisha mashamba yao wakingoja mvua, hali ya nyumba nyingi zenye mtoto wa darasa la nne hubadilika. Mtoto wa miaka tisa au kumi, aliyekuwa mchangamfu tangu mwaka uanze, hunyamaza. Huondoka alfajiri, hurejea jioni amechoka, na akiulizwa leo amejifunza nini, hutaja idadi ya maswali aliyokosa na idadi ya viboko alivyopata. Ugonjwa wake hauna jina hospitalini. Jina lake ni Upimaji wa Kitaifa.

Ndugu msomaji asidhani kwamba mwandishi wa makala haya anapinga upimaji. La hasha! Mkulima asiyekagua shamba lake hawezi kujua palipo na magugu, na mwalimu asiyewapima wanafunzi wake hufundisha gizani. Upimaji wa darasa la nne uliwekwa ili taifa lijue mtoto amefika wapi katika kusoma, kuandika na kuhesabu kabla hajaingia madarasa ya juu. Ubaya unaanza pale kipimo kinapogeuzwa kuwa hukumu, na mtoto anapofikishwa mbele yake kama mtuhumiwa aliyekwisha kuonekana ana hatia.

Tabia hii ina historia yake, na yafaa tuikumbuke. Chini ya ukoloni shule zilikuwa chache, na kazi ya mtihani ilikuwa kuwaondoa wengi ili wabaki wachache wa kumtumikia mtawala. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alionya kwamba hatuwezi kujenga nchi ya watu walio sawa kwa elimu ambayo lengo lake ni kuchuja. Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilipokutana Musoma mwezi Novemba 1974, iliamua kwamba elimu ya msingi kwa wote ipatikane ifikapo mwaka 1977, badala ya kungoja mwaka 1989 kama ilivyokuwa imepangwa. Iliamua pia kwamba mtihani wa mwisho usiwe kipimo pekee, bali kazi na mwenendo wa mwanafunzi navyo vihesabiwe.

Hata hivyo, kwa miaka mingi baada ya maamuzi hayo nafasi za sekondari ziliendelea kuwa chache mno. Mtoto wa mkulima aliyefaulu darasa la saba alikuwa amepenya tundu la sindano. Kwa hiyo hofu ya wazazi na walimu wa wakati ule ilikuwa na msingi: mlango ulikuwa mwembamba kweli, na mtihani ndio uliokuwa bawabu wake.

Lakini mlango huo umepanuliwa. Kuanzia mwaka 2004, chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, wananchi walijenga shule za sekondari katika kata zao kwa nguvu zao na kwa msaada wa Serikali. Kuanzia Januari 2016 ada ilifutwa hadi kidato cha nne. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imeweka elimu ya lazima ya miaka kumi: sita ya msingi na minne ya sekondari. Watoto waliokuwa darasa la tatu mwaka 2024, mtaala mpya ulipoanza, ndio wa kwanza kupangiwa kumaliza elimu ya msingi darasa la sita. Aidha, Januari 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania lilitangaza kwamba limeacha kutaja shule kumi bora na wanafunzi bora kitaifa. Maana ya hatua hizi zote ni moja: nchi imeamua kwamba mtoto haendi shule ili ashindane na mwenzake, anakwenda ili ajifunze.

Ikiwa bawabu ameondolewa mlangoni, kwa nini basi hofu imebaki? Imebaki kwa sababu inatushukia kutoka juu kwa ngazi. Mkoa huulizwa nafasi yake, nao huiuliza wilaya. Wilaya humwita Afisa Elimu Kata, naye humwita mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu humgeukia mwalimu wa darasa. Mwalimu wa darasa hana wa kumgeukia ila mtoto. Hapo fimbo hufanya kazi ambayo haikupewa. Kanuni za mwaka 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, kwa idhini ya mwalimu mkuu, na kwa makosa makubwa ya nidhamu. Kukosa hesabu ya kugawanya si kosa la nidhamu. Ni taarifa kwa mwalimu kwamba somo hilo lirudiwe.

Tuwatazame na wazazi. Katika maeneo yetu wako wa aina mbili, nao hudhaniwa kuwa ni watu wa pande zinazopingana. Wa kwanza ni mzazi mwenye mshahara au duka. Huyu humlipia mtoto masomo ya ziada asubuhi, jioni na wakati wa likizo, na wengine walikuwa wakiwapeleka bwenini watoto wasiojua hata kufua nguo zao, mpaka Kamishna wa Elimu alipotoa waraka mwaka 2023 kuzuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne. Wa pili ni mzazi mwenye ng'ombe au shamba la tumbaku. Huyu humwambia mtoto wake aandike majibu ya makosa kwa makusudi, ili mvulana apate kuchunga na binti apate kuolewa. Habari za namna hii zimesikika sana katika mikoa ya magharibi na ya Ziwa, na sisi wa Katavi hatuwezi kujifanya wageni nazo.

Ukweli ni kwamba wazazi hawa wawili wana imani moja. Wote wanaamini kuwa mtihani ni lango. Mmoja anamsukuma mtoto alipite, mwingine anamfungia asilipite, na kati yao hakuna aliyeuliza kama mtoto anajua kusoma. Tukiendelea kuutukuza mtihani kama lango, tunampa nguvu yule wa kwanza ya kumchosha mtoto, na tunampa yule wa pili kisingizio cha kumwachisha shule. Elimu ya lazima ya miaka kumi inawanyang'anya wote wawili silaha hiyo. Ndiyo maana ni wajibu wetu kuieleza sera hii vijijini, katika mikutano na vikao vya wazazi, mpaka ieleweke.

Wapo watakaosema kwamba mtoto bila hofu hasomi. Hoja hii huvutia kwa sababu hofu huleta matunda ya haraka. Mtoto aliyetishwa hukariri majibu arobaini kwa wiki moja. Lakini mtoto wa Kasekese ambaye nyumbani husikia Kisukuma, Kibende au Kifipa, na ambaye Kiswahili cha darasani ni lugha yake ya pili, hahitaji kukaririshwa. Anahitaji mwalimu mvumilivu katika darasa la kwanza na la pili, wakati herufi zinapoungana kuwa maneno. Nasi tunafanya kinyume. Katika shule nyingi walimu hodari hupangwa madarasa ya mitihani, na darasa la kwanza lenye umati wa watoto huachiwa mwalimu mmoja. Mtoto akifika darasa la nne hajui kusoma, tunamchapa kwa deni tulilolikopa sisi miaka mitatu iliyopita. Akishindwa, hurudia darasa huku wenzake wakimcheka, na hapo ndipo wengi huanza kuitoroka shule.

Wajibu wetu ni wazi. Viongozi wa elimu, mkimwita mwalimu mkuu, msimwulize ameshika nafasi ya ngapi. Mwulizeni ni watoto wangapi wa darasa la pili hawajaweza kusoma, na anawasaidiaje. Walimu wakuu, pangeni walimu wenu bora katika madarasa ya chini. Wazazi, changieni mahindi na maharage ili mtoto apate uji au chakula cha mchana shuleni, kwa maana mtoto mwenye njaa hasikii somo. Jioni, baada ya kazi, mpeni kitabu awasomee kwa sauti, hata kama ninyi wenyewe hamkusoma. Mtajua kwa masikio yenu kama anasoma au anababaisha. Mhesabisheni magunia na fedha za mauzo. Kisha mwacheni acheze, na alale mapema.

Na siku ya upimaji, mzazi umwamshe mwanao kwa upole, umpe uji, umwambie ajibu anachokijua, na kwamba akirudi atakuta nyumba ni ileile na wazazi ni walewale. Maneno hayo hayana gharama. Taifa lililoamua kumsomesha kila mtoto kwa miaka kumi halina sababu ya kumvunja moyo katika mwaka wa nne.