Acheni Kumwita Willy Gamba "James Bond Wetu"

Jumamosi moja nilikuwa saluni maeneo ya Majengo, hapa Dodoma, nasubiri zamu yangu ya kunyolewa. Ubishi wa siku hiyo haukuwa wa Simba na Yanga. Ulikuwa wa James Bond. Kinyozi anasema tangu aondoke Pierce Brosnan hajapatikana Bond mwenye sura ya ujasusi. Kijana aliyekaa kwenye kiti anamtetea Daniel Craig kwa nguvu mpaka mashine ikazimwa, maana kichwa hakitulii. Mzee mmoja pembeni, mstaafu wa reli, akawaambia wote wawili ni watoto: Bond ni Roger Moore, waliobaki ni waigizaji tu. Mwingine akaleta jina la Idris Elba. Hapo ndipo kelele zilipopanda hasa.

Nikajifanya mjuaji, nikauliza: "Na Willy Gamba je?"

Kimya. Kisha kinyozi akasema kwa upole, kama mtu anayetoa pole msibani: "Ah, huyo ndiye James Bond wetu, kaka." Wote wakatikisa vichwa kukubali. Nusu dakika baadaye tumerudi kwa Craig.

Naandika makala hii kwa sababu ya kimya kile.

Watu wanne walikuwa wamebishana dakika ishirini kuhusu filamu ambazo zimetengenezwa tangu mwaka 1962. Wanajua nani aliendesha gari gani, nani alikuwa adui kwenye filamu ipi, nani alichemka. Lakini kwa jasusi aliyeandikwa kwa Kiswahili, na Mtanzania, kuhusu vita iliyokuwa inapiganwa wakati ule, walikuwa na sentensi moja tu. Hakuna aliyesema kitabu kipi ni bora. Hakuna aliyesema Gamba alichemka wapi. Nadhani, na nitajaribu kuonyesha, kwamba sentensi ile tunayoitoa kama sifa ni namna ya heshima ya kusema hatujamsoma.

Nikiri mapema: mimi mwenyewe ni zao la kibanda umiza. Nimemjua Bond kwenye benchi la mbao, pazia jeusi mlangoni, jasho la watu arobaini, na sauti ya Lufufu ikitutafsiria mkanda kwa Kiswahili na kuongeza vichekesho ambavyo Waingereza hawakuwahi kuviandika. Kwetu hakuwa 007. Alikuwa "stelingi", na sheria ya kibanda ilijulikana: stelingi hafi. Ndiyo maana mwaka 2021, *No Time to Die* ilipomuua Bond, niliumia kama mtu aliyedhulumiwa kiingilio. Kwa hiyo simchukii Bond. Ninachokataa ni kumfanya rula ya kumpimia kila jasusi mwingine.

Hadithi ya ujasusi ina swali moja kubwa kuliko magari na bastola. Nalo ni hili: huyu mtu anatumwa na nani?

Bond anatumwa na London. Hilo halijawahi kubadilika, awe Connery au Craig. Tazameni *Diamonds Are Forever* ya mwaka 1971. Mapema kwenye filamu tunaingia kwenye biashara ya almasi za Afrika Kusini. Mkubwa mmoja wa Kiingereza, ofisini, anamwelezea Bond jinsi kampuni inavyojivunia uaminifu wa wafanyakazi wake, huku sisi tunaonyeshwa wachimbaji wakitoroshea almasi mdomoni, kwa daktari wa meno. Tunacheka. Lakini hebu tulieni kidogo. Ni Afrika Kusini ya makaburu, mwaka 1971, Mandela yuko Robben Island, na jasusi mkubwa kuliko wote duniani anaitwa kwa sababu almasi zinaibwa mgodini. Wizi mwingine wote uliokuwa unafanyika katika nchi ile haumhusu. Si kwamba Bond alisahau. Hakutumwa.

Sasa nenda Kongwa. Kutoka hapa mjini unashika barabara ya Morogoro, unapita Chamwino, unafika Mbande, unaacha lami kuu. Hata saa mbili haziishi. Baada ya Vita Kuu ya Pili Waingereza walikuja pale na matrekta na mamilioni ya pauni kulima karanga. Mradi ulianza mwaka 1947, na ilipofika 1951 ulikuwa umekufa. Ardhi ngumu, mvua za kubahatisha. Mgogo yeyote angewaambia bure. Wakaacha majengo na vyuma. Mwaka 1964 Serikali yetu ikalitoa eneo hilo kwa wapigania uhuru. FRELIMO walikuwa pale, ANC walikuwa pale, SWAPO, ZAPU na MPLA pia. Samora Machel amekula vumbi hili hili tunalolilalamikia kila Agosti.

Vijana wale walikuwa wanawindwa. Ofisi za Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika zilikuwa Dar es Salaam, na mji ulijaa macho na masikio ya kila aina. Tarehe 3 Februari 1969 kiongozi wa FRELIMO, Eduardo Mondlane, alifungua kifurushi kilicholetwa kwa posta. Ndani kulikuwa na kitabu. Ndani ya kitabu kulikuwa na bomu. Nawaambia nyie mnaopenda vitabu: Dar es Salaam, mtu aliuawa kwa kitabu.

Miaka mitano baadaye, mwaka 1974, Aristablus Elvis Musiba akachapisha *Kufa na Kupona*. Siri za wapigania uhuru zimeibwa Dar es Salaam, na Willy Gamba anatumwa Nairobi kuzirudisha kabla hazijafika kwa adui. Mtu aliyenunua kitabu kile mwaka ule hakuwa anasoma ndoto. Msumbiji ilikuwa bado haijapata uhuru. Ingeupata Juni 1975. Adui wa Gamba hakuwa tajiri mwendawazimu mwenye paka mweupe na kisiwa chake. Alikuwa mtumishi wa serikali iliyokuwepo kwenye ramani, yenye mabalozi na ndege za kivita. Kwenye *Kikosi cha Kisasi* kazi inampeleka mpaka Kinshasa, na bado swali ni lile lile: nani anawaua watu wetu?

Kwa hiyo unaposema "James Bond wetu", unasema nini hasa? Unachukua suti, bastola, gari na warembo, unaacha kazi. Ni sawa na kumwita daktari "fundi wetu wa koti jeupe".

Najua pingamizi linalokuja. Litasema: lakini kaka, Musiba kamwiga Fleming waziwazi. Ndiyo, kaiga. Sitakataa, nami nimesoma. Vinywaji ni vile vile, hoteli kubwa ni zile zile, na mwendo wa gari ni ule ule wa kutafuta kifo. Lakini kuiga chombo si kuiga safari. Muhammed Said Abdulla alimpa Bwana Msa kiko mdomoni na rafiki wa kufuatana naye, Najum, na kila aliyesoma alimwona Sherlock Holmes palepale. *Mzimu wa Watu wa Kale* kilitoka mwaka 1960, miaka miwili kabla Bond hajaonekana kwenye sinema. Je, Bwana Msa ni "Holmes wetu" na basi? Mbona yeye tunamfundisha shuleni, tunaandikia tasnifu, tunamwita mwanzilishi, na Gamba tunamwachia wauza vitabu chakavu wa kando ya barabara?

Nitawaambia mbona. Kwa sababu sisi wasomi tuna neno letu la kufungia mlango: "riwaya pendwa". Nilipokuwa chuo nililisikia likitamkwa kwa sauti ya mtu anayeondoa mende mezani. Pendwa, maana yake watu wameipenda, kwa hiyo haina kitu! Vitabu vya Musiba, na vile vya Ben Mtobwa na Joram Kiango wake, viliwafanya makonda, makarani na askari wasome Kiswahili usiku kwa kibatari. Halafu tunafanya semina kulia kwamba Watanzania hawasomi.

Kuna pingamizi la pili, nalo ni zito zaidi, na hapa sina utetezi. Wanawake. Kwenye vitabu vya Gamba mwanamke mara nyingi ni mapambo, au mtego, au zawadi ya mwisho wa kazi. Dada mmoja niliyemwazima kitabu alinirudishia na kuniambia, "Mpigania uhuru wako huyu, mimi hanihesabu kwenye uhuru wake." Sikuwa na jibu. Bado sina.

Lakini angalieni tofauti. Kosa hilo hilo lipo kwa Bond, na mashabiki wa Bond wamelipigia kelele miaka na miaka. Wakagawanyika, wakatukanana, na filamu zenyewe zikalazimika kujibu. Mwaka 2005 Craig alipotangazwa, kuna mashabiki walitishia kususia kwa sababu tu nywele zake ni za njano. Mwaka mmoja baadaye *Casino Royale* ikawanyamazisha wengi wao. Mwaka 2021 namba 007 ikavaliwa na mwanamke mweusi, Nomi, aliyechezwa na Lashana Lynch, na ubishi ukalipuka upya. Februari 2025 Amazon wakachukua usukani wa ubunifu, Juni akatangazwa Denis Villeneuve kuongoza filamu ijayo, na saluni ya Majengo nayo ikatoa maoni. Bond haishi kwa sababu anasifiwa. Anaishi kwa sababu anagombewa.

Gamba hagombewi. Gamba anasifiwa kwa sentensi moja, kama marehemu.

Na huo ubishi wa Bond mweusi, naomba niuguse kidogo, maana ndio uliotoa jasho saluni. Mashabiki wengi wa hapa wanamtaka Elba. Nawaelewa, roho inapenda kuona sura inayofanana nayo. Lakini ile ile *Casino Royale* tunayoipenda ilishatuonyesha nafasi yetu. Inatuleta Mbale, Uganda, lakini Mbale yenyewe ilipigwa picha kwenye msitu wa Uingereza, na Madagaska ya zile mbio za kuruka majengo ilikuwa Bahamas. Kiongozi wa waasi kutoka Uganda anamjia Bond na panga kwenye ngazi za hoteli, anakabwa mpaka anakufa, na hadithi inaendelea na mchezo wa karata. Kubadilisha rangi ya aliyekaa kwenye kiti cha Bond hakubadilishi anayemtuma. Afrika itabaki kuwa mahali ambapo panga linatokea.

Sisi hatuhitaji kuomba kiti kwenye ofisi ile. Tulikuwa na ofisi yetu. Mwaka 2024 Serikali ya Zanzibar ilitangaza kumtengea Elba ardhi ya kujenga studio ya filamu. Haya basi! Mkimwona mwambieni aache kuulizwa habari za 007, ameshachoka nazo. Mpeni *Kufa na Kupona* iliyotafsiriwa vizuri. Hata kama umri wa kukimbiza magari umempita, atatufaa kama mkuu wa kazi, yule anayempigia Gamba simu usiku wa manane.

Nacheka, lakini jambo lenyewe halichekeshi. Nilipotoka saluni siku ile niliamua kukitafuta *Kufa na Kupona* hapa mjini, nimpelekee kinyozi. Nilizunguka maduka mawili ya vitabu. Kwenye la kwanza dada aliniuliza kama ni kitabu cha dini. Mwishowe nikakipata chini, kwenye turubai la muuza vitabu vya mtumba, katikati ya Biolojia ya kidato cha pili na kalenda za zamani. Hakina jalada, na kurasa za mwisho hazipo. Nikakinunua hivyohivyo, nikampelekea.

Wiki mbili baadaye kinyozi alinipigia simu. Hakunisalimia. Alisema, "Kaka, umenifanyia nini? Kinaishaje?" Kisha akaongeza kwamba kwa maoni yake Gamba anaropoka mno mbele ya wanawake kwa mtu anayejiita jasusi, na kwamba Craig asingefanya ujinga ule.

Tulibishana mpaka salio lake likaisha. Nilikuwa namtetea Gamba, na kwenye hoja moja au mbili alinishinda kabisa. Lakini hakumwita James Bond wetu hata mara moja. Alimwita Willy.

Kwa hiyo sina ombi kubwa, wapenzi wa fasihi. Siwaombi mumsifie Musiba. Sifa anazo za kutosha. Tafuteni kitabu kimoja, hata kisicho na jalada. Kisomeni kwa hasira ile ile mnayomsomea Bond. Kisha njooni mniambie nimekosea wapi. Na mwenye kurasa za mwisho, tafadhali anitumie picha. Kuna kinyozi Majengo anasubiri.