Mjane Hakungoja Hakimu Mwingine



Tangu Goma na Bukavu ziingie mikononi mwa M23, mwezi wa Januari na wa Februari 2025, neno moja limeenea katika vikundi vyetu: «Tungoje kwanza.» Mahakama za serikali zilifungwa, wafungwa walitoroka magerezani, na mengi ya mashirika yaliyokuwa yakiwasindikiza wanawake waliobakwa yalipunguza kazi au yaliondoka. Katika majira yale yale Marekani ilikata misaada iliyokuwa ikilipia dawa katika vituo vingi vya afya. Ndiyo maana kijana anauliza: tutamtetea dada huyu mbele ya nani? Swali lake ni la haki. Jibu la kungoja ndilo ninalolikataa.

Tusome tena sura ya 18 ya Injili ya Luka. Mjane anadai haki yake kwa hakimu asiyemcha Mungu wala kumjali mtu. Tazameni vizuri: katika mfano huo hakimu hageuki kuwa mtu mwema, wala mji haupati hakimu mwingine. Mjane anapata haki kwa sababu hakuchoka kwenda. Luka anatuambia kwamba Yezu alifundisha hivyo tusali bila kukata tamaa, lakini mjane huyo alisali kwa miguu pia.

Nchi yetu inao mifano. Hospitali ya Panzi ilianza mwaka 1999, wakati Bukavu ilipotawaliwa na waasi wa RCD. Daktari Denis Mukwege hakungoja vita viishe ndipo awapokee wanawake waliojeruhiwa. Tuzo ya Nobel ya Amani ilikuja mwaka 2018, baada ya miaka 19 ya kazi. Mwaka 2000 Askofu Mkuu Emmanuel Kataliko alifukuzwa Bukavu akapelekwa Butembo, kwa kuwa alisema wazi juu ya mateso ya watu wake. Waliomfukuza hawatawali tena. Maneno yake yangali yanasomwa.

Tena, uovu huu hauzeeki. Kwa Mkataba wa Roma, ambao Kongo iliuthibitisha mwaka 2002, uhalifu wa kivita na uhalifu dhidi ya binadamu haufutwi na miaka kupita, awe aliyeutenda wa upande wowote. Kule Kavumu watoto wa kike walibakwa kwa miaka kadhaa, na mkuu wa genge hilo alikuwa mbunge wa jimbo. Wengi walidhani hagusiki. Desemba 2017 mahakama ya kijeshi ilimhukumu pamoja na watu wake. Hukumu ile isingepatikana kama wazazi wangenyamaza na waganga wasingeandika walichokiona.

Lakini haki ya mahakamani inaweza kukawia, mwili haukawii. Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi zinapaswa kuanzwa ndani ya saa 72, na zinamezwa siku 28. Saa hizo hazijui nani anatawala mji. Hata zikiisha, mgonjwa aende tu, kwa maana yapo majeraha na maambukizi mengine ya kutibiwa. Kumsindikiza dada yako hadi kituo cha afya, kumtafutia nauli, kumkumbusha dawa hadi siku ya mwisho: huko nako ni kutetea.

Kisha tutofautishe siri na ukimya. Siri ni mali ya aliyeumizwa. Jina lake lisiandikwe katika simu zetu, zinazoweza kupekuliwa njiani. Picha yake isipigwe. Habari zake zisitajwe hadharani, hata kwa kisingizio cha maombi. Karatasi ya daktari itunzwe mahali salama, kwa ridhaa yake. Ukimya ni jambo jingine: ni pale sisi tunapojua, tukajifanya hatujui. Katika kitabu cha pili cha Samweli, Tamari alipobakwa na Amnoni, kaka yake Absalomu alimwambia anyamaze, na mfalme Daudi alikasirika asifanye neno. Hasira isiyotenda haikumponya Tamari.

Mahakama zikifungwa, njia ya mapatano hufunguka upesi: mbuzi wawili, fedha kidogo, au binti kuozwa kwa yule aliyembaka. Familia huita jambo hilo amani. Sheria za mwaka 2006 za nchi yetu zinasema kwamba kulipa faini hakuzimi mashtaka ya ubakaji. Wazee wetu tuwaheshimu, lakini katika hili tuwaambie kwa adabu: binti si deni la kulipana.

Basi kabla ya mkutano ujao, kila kikundi, kiwe cha Kiro, cha Xaveri au cha skauti, kiulize mambo mawili. Ni kituo gani cha karibu kingali na dawa za saa 72? Na ni mama yupi katika jumuiya yetu, mwenye kutunza siri, ambaye binti anaweza kumbishia mlango hata usiku? Majibu hayo kila mmoja ayajue kwa kichwa. Hakuna utawala unaohitajika kwanza ili tuyapate.

Bwana awape nguvu ya kutochoka.