Alipimwa, Hakukutwa na Kitu

Septemba 13, 2003, jijini Las Vegas, bondia Shane Mosley alimshinda Oscar De La Hoya kwa pointi. Majaji wote watatu waliandika 115 kwa 113. Raundi za mwisho ndizo zilizoamua pambano. Hakuna kipimo kilichomkamata mshindi, na mashabiki wakarudi makwao wakiamini wameona ngumi halali.

Miezi mitatu baadaye Mosley aliitwa mbele ya jopo la uchunguzi la mahakama ya Marekani, katika kesi ya dawa haramu za kampuni ya BALCO. Alieleza kwamba alipokuwa akijiandaa kwa pambano lile alitumia dawa mbili za kampuni hiyo, ya kupaka na ya matone, na alijidunga sindano za EPO. Alisema hakujua kuwa vitu hivyo ni haramu. Matone yale yalikuwa yametengenezwa makusudi ili maabara zisiyatambue, na zilikuja kuyatambua mwaka huohuo baada ya mtu wa ndani ya riadha kupeleka bomba la sindano lililokwisha kutumika. Siri ilifichuliwa na mtoa habari. Vikombe vya mkojo havikuwa vimesema lolote.

Ndiyo maana naona tunapotoshwa kila bondia anapoinua karatasi ya maabara na kutangaza kwamba yeye ni msafi. Karatasi hiyo inasema jambo dogo zaidi: siku ile, katika sampuli ile, vitu vilivyotafutwa havikuonekana.

Tuichukue hiyo EPO. Ni homoni inayouamsha mwili utengeneze chembe nyekundu za damu, zile zinazobeba oksijeni. Dozi ndogo ikidungwa leo, dalili zake kwenye mkojo zinaweza kupotea baada ya siku chache, pengine upesi zaidi. Lakini chembe nyekundu huishi takriban siku 120. Bondia anaweza kupanda ulingoni akiwa na pumzi ya kumfikisha raundi ya 12 huku ushahidi umeshatoweka zamani. Kumpima usiku wa pambano ni kufika shambani mwizi akiwa ameshavuna.

Testosteroni ni ngumu zaidi, kwa sababu kila mwanadamu anayo. Maabara hulinganisha uwiano wake na homoni nyingine, na aliye chini ya kiwango hupita. Bondia Lamont Peterson angepita hivyo mwaka 2012. Kilichomkamata ni upimaji wa hiari wa shirika la VADA, uliochunguza kaboni iliyomo ndani ya testosteroni yenyewe na kuonyesha kwamba sehemu yake ilitoka nje ya mwili. Yeye alisema aliwekewa na daktari kama tiba. Pambano lake la marudiano na Amir Khan lilifutwa.

Na hapo kwenye neno hiari ndipo penye tundu kubwa. Katika ngumi za kulipwa, mara nyingi upimaji wa maana huanza mkataba wa pambano unapotiwa saini na kukoma kengele ya mwisho inapolia. Miezi ya katikati, ambapo mwili hujengwa, mlango mara nyingi huwa wazi. Baraza la WBC lilianzisha mpango wa kupima mwaka mzima mnamo 2016, lakini unawahusu mabingwa na walio juu kwenye orodha yake tu. Wakenya wanaujua upimaji wa mwaka mzima kupitia riadha. Mkimbiaji Asbel Kiprop alipimwa Iten, Novemba 2017, nje kabisa ya msimu wa mashindano, ikaonekana EPO. Alikana, akafungiwa miaka 4.

Haki inanidai niseme na upande wa pili. Hata kukutwa na dawa hakumalizi shauri. Mwaka 2018 bondia Canelo Alvarez alikutwa na klenbuterol, akasema ni nyama aliyokula Mexico, ambako dawa hiyo hutumika kunenepesha mifugo. Madai hayo hayakuwa ya kuchekwa, kwa kuwa wanamichezo wengine walishapatwa na hali hiyohiyo. Hata hivyo Nevada ilimfungia miezi 6.

Kwa hiyo sitaki vipimo vifutwe. Nataka vitakiwe kazi vinayoiweza, yaani kumtia hofu mdanganyifu na kumkamata mara nyingi kuliko sasa. Damu ipimwe pamoja na mkojo, mwaka mzima, na bondia asijue siku. Sampuli zitunzwe miaka 10 kama za Olimpiki, ambako zile za Beijing 2008 na London 2012 zilipopimwa upya ziliwavua watu medali. Gharama zitoke kwenye mapato ya mapambano makubwa. Mkimbiaji akidanganya anamwibia mwenzake medali, lakini bondia anayedanganya anampiga mwenzake kichwani kwa nguvu asizostahili kuwa nazo, na ubongo ukiumia hakuna kamati ya rufaa itakayourudisha.

Wakuu wa ngumi wanaweza kuanza na pambano lile la Las Vegas. Mosley alieleza mwenyewe alichotumia, chini ya kiapo, lakini matokeo hayajaguswa hadi leo: ameshinda, 115 kwa 113.