Chuo Kikuu Kinamtangazia Nani?

Sisi tulio kidato cha nne tumechoka kusikia neno moja: "Someni, nafasi ziko." Walimu wanalisema, wazazi wanalisema, hata waheshimiwa wakija siku ya zawadi ndilo wanalolisema kabla hawajapanda gari. Mimi sibishi. Nafasi ziko. Ila kuwako kwa nafasi ni jambo moja, na kujua kwamba ipo kabla haijafungwa ni jambo jingine kabisa. Maoni yangu ni kwamba vyuo vikuu vyetu, pamoja na ofisi zinazohusika navyo, vinatangaza kama mtu anayenong'ona katikati ya soko, halafu anaapa kwamba alisema.

Muhula uliopita chama chetu kilikwenda kwenye kongamano la Kiswahili katika chuo kikuu kimoja, jina tuliache. Tulipokuwa tukisubiri basi tulisimama mbele ya ubao wa matangazo karibu na maktaba, tukaanza kusoma. Ubao wenyewe ni mkubwa kuliko ukuta wa darasa letu, karatasi juu ya karatasi. Palikuwa na ufadhili wa masomo ya uzamili ng'ambo, mkutano wa maombi, chumba cha kupanga, viatu vya mtumba, nafasi za kazi kwa wafanyakazi, na nafasi za wanafunzi wasio na karo kufanya kazi maktabani kwa saa wapate cha kujikimu. Hili la mwisho ndilo lililonivutia, na ndilo lililokuwa limefunikwa nusu na tangazo la disko. Nikaliinua nilisome. Lilibandikwa siku ya Jumatatu, na makataa yake yalikuwa Ijumaa ya wiki hiyo hiyo. Yote yalikuwa kwa Kiingereza isipokuwa kibao kimoja cha bati pale chini: USIKANYAGE NYASI. Tulicheka sana, lakini baadaye niliona si jambo la kuchekwa. Cha kukatazwa unaambiwa kwa Kiswahili, cha kupewa unaambiwa kwa Kiingereza.

Hebu tuzitazame hizo siku nne. Anayeomba kazi ile alitakiwa alete barua ya chifu ya kuthibitisha hali ya nyumbani, nakala za vitambulisho vya wazazi, au cheti cha kifo kama ni yatima, na sahihi ya mkuu wa idara. Sasa mwanafunzi ambaye kwao ni Lodwar au Garsen, chifu wake atampata lini? Nauli ataitoa wapi, ilhali anaomba kazi kwa sababu hana pesa? Atakayewahi ni yule ambaye kwao ni karibu na baba yake ana gari, au yule ambaye mjomba wake anafanya kazi katika ofisi iliyolichapa tangazo. Huyo alijua wiki tatu kabla. Nafasi iliwekwa kwa ajili ya maskini lakini ikatangazwa kwa mwendo wa tajiri.

Wenzangu watasema, "Wewe, siku hizi kila kitu kiko kwenye simu." Kweli kiko. Lakini tukumbuke mambo yalivyogeuka. Zamani za JAB, fomu za kuchagua kozi za chuo kikuu zilijazwa shuleni, mwalimu akiwa hapo hapo kukuambia, "Wewe na hesabu yako hii, udaktari uache." Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012 ndiyo iliyoleta KUCCPS kuchukua mahali pa JAB, na sasa mambo yanafanyiwa kwenye tovuti. Mara nyingi dirisha la maombi linafunguliwa mwanafunzi akiwa ameshatoka shuleni, yuko nyumbani anachunga ama anauza duka la mtu. Hana mwalimu, hana gwaride la Ijumaa, hana ubao wowote. Kama simu ya nyumbani ni kabambe ya kubonyeza, habari atazipata kwa kuambiwa. Amepata C+, alama inayomruhusu kuomba shahada, lakini dirisha linafungwa yeye akidhani bado. Huyo hakushindwa na mtihani, jamani. Alishindwa na tangazo.

Nije kwenye lugha, maana hapa ndipo hasa ninapotaka kukaa. Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka 2010 kinasema lugha ya taifa ni Kiswahili, na lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza. Rasmi zote mbili, si moja ya ofisini na nyingine ya kuimbia. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sasa nauliza: habari ambayo imewekwa katika lugha ambayo mzazi hawezi kuisoma, amepewa au hajapewa?

Kuna wanaonijibu kwamba masomo ya chuo kikuu ni kwa Kiingereza, kwa hivyo asiyeweza kusoma tangazo la Kiingereza huko anaenda kufanya nini. Jibu hilo lina makali, lakini linamsahau mtu mmoja: anayetia sahihi. Chukua mkopo wa HELB, bodi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1995. Anayesoma ni kijana, lakini fomu inataka wazazi na inataka wadhamini. Mdhamini si mtu wa kupamba karatasi. Kijana asipolipa, ndiye atakayetafutwa. Mkopo wa shahada ya kwanza umekuwa na riba ya asilimia 4 kwa mwaka, unaanza kudaiwa baada ya mwaka mmoja tangu kumaliza masomo, na asiyelipa huwekewa faini ya shilingi 5,000 kila mwezi. Haya si mambo ya kumpitia nyanya juu juu jioni moja, "Shosho, weka sahihi hapa, ni ya shule." Nyanya yule anajua riba kuliko mimi, yuko kwenye chama cha akina mama na hesabu za mkopo anazifanya kichwani. Asichojua ni Kiingereza cha mawakili. Mwandikie kwa Kiswahili uone kama hatakuuliza maswali yatakayokushinda.

Na msiniambie haiwezekani. Jirani zetu Watanzania wana Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2004. Wanafunzi wao chuoni wanafundishwa kwa Kiingereza, sawa na wetu. Lakini bodi ile inapotangaza kwamba maombi yamefunguliwa au kwamba muda umeongezwa, inatoa taarifa kwa umma kwa Kiswahili, tena Kiswahili cha kueleweka. Hakuna aliyesema elimu yao imeshuka kwa sababu ya hilo.

Kwetu, wakati habari zilipokuwa nzito kuliko zote ndipo zilipochanganya zaidi. Mwaka 2023 serikali ilileta mfumo mpya wa kugharamia vyuo vikuu, ambamo mwanafunzi anaomba ufadhili na mkopo na kuwekwa katika kundi kulingana na hali ya nyumbani kwao. Desemba 2024 Mahakama Kuu ikasema mfumo huo unakwenda kinyume cha Katiba, kisha mambo yakaelekea kwenye rufaa. Waulize majirani zenu wenye watoto chuoni ni wangapi walioelewa yale makundi yaligawanywaje. Nilimwuliza mzee mmoja ambaye bintiye aliwekwa katika kundi la wenye uwezo, na yeye ana ng'ombe wawili na shamba la kukodi. Aliniambia hivi: "Mimi niliulizwa maswali na kompyuta, mtoto akajibu."

Tena chuo kikuu si wahadhiri na wanafunzi peke yao. Kuna wapishi, soja wa langoni, akina mama wanaofagia mabweni kabla jua halijatoka. Hawa pia wana haki ya kujua kama kuna nafasi ya kupandishwa cheo au mafunzo ya kulipiwa. Mara nyingi tangazo lao hubandikwa nje ya ofisi ya msajili, ghorofani, mahali ambapo wanapita na ndoo tu. Hata wauzaji wa kabeji nje ya geti wana chao. Tangu mwaka 2013 kuna mpango unaoitwa AGPO, ambapo asilimia 30 ya zabuni za taasisi za umma zimetengewa vijana, wanawake na walemavu, na vyuo vikuu vya umma vimo. Mama wa kabeji na wenzake wanaweza kujiandikisha kama kikundi wakauzia jikoni la chuo. Lakini hebu soma tangazo la zabuni siku moja. Hata mwalimu wetu wa Kiingereza, kwa heshima zote, angekuna kichwa.

Kuwa mahali ambapo habari hupita si jambo dogo, na halikuanza leo. Mwaka 1959, Tom Mboya na marafiki zake Marekani walipoanza kuwasafirisha vijana kwenda kusoma huko, ndege ya kwanza ilibeba wanafunzi 81. Mwaka uliofuata akaenda Wangari Maathai, aliyekuwa amemaliza Loreto Limuru, akasomea chuo cha Mount St. Scholastica huko Atchison, Kansas. Mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Hakuna anayesema hakuwa na bongo. Lakini alikuwa katika shule ambayo habari kama hizo zilifika. Wasichana wa rika lake wenye bongo vile vile, waliokuwa mahali ambapo barua haikufika, hatuwajui majina.

Pale tangazo la kweli linaponong'onwa, walaghai hupaza sauti. Nani kati yetu hajaona ujumbe wa "nafasi za masomo Kanada" uliosambazwa kwa wazazi, ukiagiza ada ya usajili itumwe kwa namba ya simu ya mtu binafsi? Chuo halali chaweza kudai ada ya maombi, ndiyo, lakini huilipisha kupitia akaunti yake, si kwa namba ya fulani bin fulani. Kinachoniudhi zaidi ni kwamba ujumbe wa mlaghai umeandikwa kwa Kiswahili safi, una tarehe, una namba ya kupiga, na ukipiga anapokea mara moja. Mlaghai anajua kutangaza kuliko msajili!

Basi ninataka nini? Vyuo vikuu vitangaze nafasi angalau mwezi mmoja kabla ya makataa, kwa lugha zote mbili rasmi, na nakala zifike shuleni na kwa machifu, si kwenye tovuti tu. Idara za Kiswahili ziko humo humo vyuoni, zimejaa wanafunzi wanaosomea tafsiri na wanatafuta pa kujizoezea. Kila tarehe 7 Julai, tangu UNESCO ilipoiteua mwaka 2021 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, vyuo hivyo hivyo huandaa sherehe, hotuba na fulana. Fulana moja pungufu ingelipia karatasi ya mwaka mzima.

Na sisi? Walimu wetu wapenzi, naomba mnisamehe nikisema kwamba hata hapa shuleni barua za basari hukaa ofisini mpaka zipate vumbi. Nimependekeza kwa chama, na katibu ameandika kwenye kumbukumbu, kwamba kila wiki wanachama wawili wachukue tangazo moja, liwe la basari, la KUCCPS au la vyuo vya ufundi, walitafsiri, mwalimu mlezi alikague, kisha libandikwe likiwa na tarehe ya makataa kwa herufi kubwa. Waliomaliza mwaka jana watapigiwa simu na wadogo zao walio hapa. Ubao ulio nje ya bwalo hauna kitu ila ratiba ya chakula, ambayo sote tunaijua kwa moyo: githeri, githeri, ugali. Nusu ya ubao huo inatutosha kuanzia.