Chai ya Hoteli na Maziwa ya Watoto

Wakulima wenzangu, mwezi huu nataka tuzungumze habari za chakula. Najua wengine watasema, "Huyu karani wa afisi ya kilimo amekosa mambo ya kuandika. Sisi tuna kupe, tuna mnyauko wa viazi, tuna bei ya mbolea, naye anatuletea habari za chai na chapati!" Lakini ngojeni kidogo. Ng'ombe twamlisha kwa kipimo. Kuku twamlisha kwa kipimo. Hata kabichi twajua itatiwa mbolea kiasi gani. Ni mtu peke yake anayekula bila hesabu.

Kwanza nikiri kwamba mimi ni mtu wa kupenda kula. Kazi yangu hunipeleka katika vituo vingi vya soko pamoja na Bwana Shamba, nikichukua daftari na fomu zake. Katika kila kituo najua ni hoteli gani yenye githeri iliyoiva, na ni gani yenye githeri ya kuvunja meno. Kwa hiyo sisemi kama mtu anayechukia hoteli. Nasema kama mteja wa siku nyingi.

Tuanze na chai. Chai nzuri ya kwetu si maji ya moto yaliyonyunyiziwa maziwa. Maziwa na maji, nusu kwa nusu, huchemshwa pamoja katika sufuria; majani yakatiwa, yakachemka tena mpaka rangi ikawa kama udongo mwekundu, ndipo ikachujwa. Mtu akinywa kikombe hicho saa moja asubuhi, baridi ya mlimani haimwezi. Chai ilianza kupandwa Limuru mwaka 1903, na leo Kenya ni ya kwanza duniani kwa kuuza chai ya majani meusi katika nchi za nje. Basi je, si aibu mkulima wa nchi hiyo, mwenye ng'ombe wa maziwa zizini mwake, kupewa kikombe cha maji ya kijivu, naye akanywa kimya na kulipa? Wahenga walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hoteli ikisha kupata wateja wengi, ndipo maziwa huanza kupungua. Usinyamaze, ndugu. Rudisha kikombe kwa adabu, useme hii siyo chai.

Sasa githeri. Hapa kwetu nyanda za juu, mahali penye mita 2,400 hivi kutoka usawa wa bahari, maji huchemka kwa joto la digrii 92 tu, si 100 kama huko Mombasa. Ndiyo sababu maharagwe yetu hukawia kuiva. Mwenye hoteli asiyelijua jambo hili huwasha moto saa tatu asubuhi akitaka watu wale saa sita, kisha hutupa kokoto ndani ya bakuli. Maharagwe yafaa kulowekwa usiku kucha, maji yale yamwagwe, yachemshwe kwa maji mapya, tena moto uwe mkali. Kuni hupungua, na tumbo la mteja halilalamiki.

Mukimo ndio mfalme wa vyakula vyetu, na katika hili sikubali kubishana na mtu. Viazi, mahindi mabichi, maharagwe, na majani ya malenge au thabai, vyote vimepondwa pamoja mpaka mwiko unasimama wenyewe. Humo mna chakula cha kutia nguvu, cha kujenga mwili na cha kulinda afya, yaani mafungu yote matatu tuliyofundishwa shuleni, katika sahani moja. Na kila kitu kimetoka shambani. Lakini ingia katika hoteli zetu uulize mukimo. Utaambiwa, "Leo hakuna. Kuna chapati, kuna mandazi, kuna chipsi."

Hapo ndipo ninapokasirika. Wakati wa mavuno nimeona magunia ya viazi yamepangwa nje ya hoteli, wenyewe wakimngoja dalali siku nzima, na ndani ya hoteli hiyo wakulima wale wale wanakula chapati. Sina ugomvi na chapati, maana nazipenda. Lakini ngano nyingi inayosagwa nchini mwetu huletwa kwa meli kutoka ng'ambo. Kila tunapokula mandazi matatu na kuacha viazi vyetu vikiota nje, tunamlipa mkulima wa mbali na kumnyima jirani. Wali ni afadhali kidogo, kwa kuwa mchele wa Mwea hulimwa na wenzetu wa skimu ya umwagiliaji.

Na hizo chipsi nazo, jamani! Kiazi kilichoachwa juani kikawa kijani kina sumu, tena ni kichungu. Hakifai kukaangwa wala kuchemshwa wala kupewa mtoto. Kiazi kiwekwe mahali penye giza na hewa. Shangi, kiazi tunachokipanda sana, huiva upesi jikoni lakini pia huota upesi ghalani, basi kisiwekwe siku nyingi. Na mafuta yaliyokwisha kuwa meusi kama ya gari yamwagwe. Mwenye hoteli anayeyatumia wiki nzima haweki akiba, anafukuza wateja.

Sasa nitawaeleza jambo linalonihusu mimi mwenyewe, nalo silisemi kwa furaha. Tuna ng'ombe wawili nyumbani, na mke wangu ndiye anayewatunza. Mwaka jana maziwa yote ya asubuhi yalikwenda kwenye mtambo wa kupozea, kwa sababu tulitaka fedha za karo. Watoto walikunywa chai ya rangi na kwenda shule. Mimi nilipanda baiskeli, nikafika kituoni, nikaingia hotelini kabla ya kufungua afisi. Kikombe cha chai ya maziwa shilingi 30, mandazi mawili shilingi 20. Niliona ni kitu kidogo.

Jioni moja mke wangu aliweka daftari mezani, akaniambia, "Baba watoto, wewe ulisomea ualimu kabla ya kuwa karani. Nifanyie hesabu hii." Shilingi 50 kwa siku, kwa siku 26 za kazi, ni shilingi 1,300 kwa mwezi. Kisha akauliza, "Na maziwa tunauza lita moja kwa bei gani?" Nikajibu, "Shilingi 50." Hakusema neno jingine. Aliondoka akaenda kukamua.

Nilikaa pale nikiitazama hesabu ile. Kila asubuhi nilikuwa nikinywa na kula lita moja, na lita ile ilikuwa ya watoto wangu. Tena nilikuwa nimepeleka maziwa mazuri mtamboni, nikaenda kununua hotelini maziwa yaliyotiwa maji.

Jambo hili si langu peke yangu. Nikipita katika skimu naona mitungi ikishuka barabarani alfajiri, imejaa, na nyuma yake naona watoto wenye vikombe vya chai ya rangi. Chai kali ikinywewa pamoja na chakula huuzuia mwili kupata madini ya chuma yaliyomo katika mboga na maharagwe. Hivyo mtoto ananyimwa mara mbili: amekosa maziwa, na chakula alichokula hakimfai vya kutosha.

Tukumbuke pia jinsi mashamba haya yalivyopimwa. Mpango mkubwa wa makazi wa ekari milioni moja ulipoanza mwaka 1962, waliogawa viwanja hawakukisia tu ukubwa wake. Viwanja vya watu wengi vilipangiwa kuleta pato la pauni 25 hadi 70 kwa mwaka, na vile vikubwa pauni 100. Lakini fedha hizo zilihesabiwa baada ya familia kupata chakula chake shambani na baada ya mkopo kulipwa. Angalieni taratibu hiyo: chakula cha nyumbani, kisha deni, kisha fedha ya mkononi. Siku hizi wengi wetu tumeigeuza. Fedha imekuwa mbele, na chakula ni kile kilichobaki.

Najua kuna mzee mmoja atakayesema, "Maziwa ndiyo karo. Unataka mtoto anywe maziwa na akae nyumbani?" La, mzee wangu, sisemi hivyo. Uza maziwa. Lakini kikombe cha mtoto kitolewe kwanza, na cha mama anayenyonyesha, ndipo mtungi ufungwe. Maziwa hayo yachemshwe, maana maziwa mabichi yaweza kuleta ugonjwa wa kutupa mimba wa ng'ombe, ambao humshika mtu pia kwa homa ya siku nyingi, na hata kifua kikuu.

Na mwingine atasema, "Hotelini ndipo tunapopata habari za bei na za mikutano." Ni kweli, nami sijaacha kwenda. Siku hizi nanywa chai nyumbani pamoja na watoto, na hoteli naiendea siku ya soko tu. Lakini nikienda naagiza kama mtu anayejua anachotaka.

Kwa wenye hoteli nina neno moja. Nyinyi ni soko letu lililo karibu kuliko yote. Nunueni debe la viazi, kabichi na karoti kwa jirani kila asubuhi, na maziwa yasiyotiwa maji. Pikeni mukimo hata siku mbili kwa wiki, muone kama sufuria itabaki na kitu. Mkulima ataona fahari kula kazi ya mikono yake mezani kwenu, na fedha yake itazunguka hapa hapa kituoni.

Na kwenu wakulima: siku ya soko ijayo ingieni hotelini muulize mukimo. Mkiambiwa hakuna, ulizeni tena wiki ifuatayo. Mwenye hoteli akiulizwa na watu kumi atapika. Lakini kabla ya kutoka nyumbani asubuhi hiyo, tazameni kwanza katika kikombe cha mtoto. Kama ni chai ya rangi, fungueni mtungi.