Mgeni, shuka Rangi Tatu

KIBARAZANI
Na Zainabu Mkongea

Mgeni akiuliza usiku wa Dar es Salaam uko wapi, wenyeji humtajia Coco Beach. Atakwenda, atakula mihogo na mishikaki, atapigwa na upepo wa bahari na kuondoka akiamini ameshaliona jiji. Sina ugomvi na Coco. Ila pale watu wamekwenda kutembea. Soko la usiku lenyewe liko kule wanakorudi kulala.

Fuata daladala. Penye kituo kikubwa cha mwisho wa safari, iwe Gongo la Mboto, Tandika au Mbagala Rangi Tatu, jua likishalegea watu huanza kupanga chini. Duka likifungwa, baraza yake inapata mpangaji mwingine. Zamani waliwasha koroboi. Siku hizi ni balbu za betri zinazoning'inia kwenye miamvuli. Bango hakuna, na jina la soko ni lile lile la kituo.

Mimi ni wa Rangi Tatu. Iko Barabara ya Kilwa, njia ya kusini, na kusini unaiona imepangwa chini: korosho, nazi, samaki wakavu. Saa moja ni ya mboga, maana anayeshuka kwenye basi hajapika bado, na mchicha, bamia na dagaa vinamsubiri hatua chache kutoka mlangoni mwa gari. Baadaye inakuja zamu ya mitumba, kijana yuko juu ya meza anapiga makofi na kuimba bei. Ikipita saa tatu, fungu la nyanya la mia tano linaanza kunenepa, kwa kuwa nyanya iliyoiva haimsubiri mtu hadi kesho. Anayejua kununua huja saa hiyo.

Hiyo pia ndiyo saa ya pweza. Anakatwa vipande vidogo mbele yako, unachoma kwa kijiti, unachovya kwenye pilipili, kisha unapewa supu yake kwenye kikombe. Wanaume wana yao wanayoyasema kuhusu supu hiyo, nawaachia wenyewe. Ukitaka kujua meza ya kuamini, tazama madereva na makonda wamesimama wapi. Beba noti ndogo, simu iache mfukoni, na muuzaji mtu mzima mpe shikamoo yake kwanza, bei baadaye. Picha inaombwa.

Mwaka 2025 mkoa ulipotangaza Kariakoo ifanye biashara saa 24, baadhi yetu tulishangilia kana kwamba usiku umegunduliwa juzi. Rangi Tatu hawakungoja tangazo. Sensa ya 2022 ililihesabia jiji hili watu zaidi ya milioni 5, na wengi wao hufika kwao giza limeshaingia. Tangu 2023 mabasi ya mikoani nayo yameruhusiwa tena kusafiri usiku, kwa hiyo njaa inashuka kituoni saa yoyote. Soko limeumbwa na mwendo huo wa watu. Ukihamisha kituo, umelihamisha nalo, hata kama kwenye ramani ya mipango miji halijawahi kuchorwa.

Ndiyo maana sitaki mtu aje kulipamba kwa ajili ya watalii. Bustani ya Forodhani, Unguja, ilikarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2009, ikapendeza kweli. Tangu hapo kila mgeni anaelekezwa huko, na bei zinamjua kuwa ni mgeni. Rangi Tatu inahitaji machache tu: mwanga wa kutosha barabarani, pipa la taka, na choo kinachofunguliwa hadi usiku wa manane. Wala hawaombi bure: wauzaji hawa ndio wale waliotozwa shilingi 20,000 za kitambulisho cha mjasiriamali, mpango ulioanza mwishoni mwa 2018. Mama anayekaa na beseni lake tangu alasiri hadi saa sita anakwenda kujisaidia wapi? Mgeni wangu, baada ya supu na vikombe viwili vya kahawa, utaniuliza swali hilo hilo.